Tupeane uzoefu: El Niño, La Niña na mazao ya vuli, shambani unabadilisha nini?

Habari zenu wakulima. Kila Agosti maneno ni yale yale: "El Niño inakuja, tutafurika" au "La Niña hiyo, msipande". Mwingine ananunua mbegu ya siku 120, mwingine anaacha shamba lote. Uzi huu uwe wa mambo ya shambani tu.

Naanza na la msingi. Kwa vuli usitazame Pasifiki peke yake, ambako maji yakipata joto ni El Niño, yakipoa ni La Niña. Bahari ya Hindi ndiyo iko mlangoni petu: maji ya upande wetu yakiwa na joto kuliko ya upande wa Sumatra, mawingu ya mvua yanajengeka huku, ikiwa kinyume, mvua inabaki Indonesia. Tofauti hiyo wataalamu huiita daipoli, na hapa nasema ile ya joto upande wetu. Mwaka 1997 El Niño na daipoli viliungana, mafuriko yakawa makubwa. 2015 El Niño ilikuwa kali vilevile ila daipoli dhaifu, na vuli haikufika ya 1997. 2019 Pasifiki haikuwa na jambo kubwa, daipoli ikawa kali mno, mvua ikamwagika. Kwa hiyo swali la kuuliza Septemba ni: bahari zote mbili zinasemaje?

Kutoka Same, tambarare

Mwaka wa La Niña vuli huchelewa kuanza na huwahi kukata, kwa hiyo hesabu siku kwa kurudi nyuma. Mahindi ya siku 90 hutoa mbelewele (maua ya kileleni) karibu siku ya 50 hadi 55. Ukipanda Novemba 20, zinatoka katikati ya Januari, mvua imeshaondoka. Wiki mbili za kutoa nywele ndizo zinazoamua gunia. Jua likipiga hapo, gunzi linatoka na punje za kuhesabu hata kama bua ni refu. Mvua isipokaa sawa hadi katikati ya Novemba, acheni mahindi, wekeni choroko au kunde. Choroko ya siku 65 bado inawahi.

Na msidanganywe na mvua ya kwanza. Weka kopo lililonyooka kuta mahali pa wazi, pima kina kwa rula: milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita mraba. Zikifika kama 20 ndani ya siku moja au mbili, chimba kwa jembe. Udongo ukiwa na unyevu hadi sentimita 15, panda. Ukikuta vumbi kwenye sentimita 8, mbegu itaota halafu ife.

Kutoka Makueni

Huku mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo tunazozitegemea zaidi, kwa hiyo La Niña ya 2020 hadi 2022 ilituumiza sana. Kinachosaidia ni matuta yenye vizuizi: matuta yaliyoachana sentimita 75 hadi 90, na kizuizi cha udongo kila mita 2 ndani ya mfereji. Kosa linalorudiwa ni kujenga kizuizi sawa na tuta. Kiwe chini kidogo, maji yakizidi yapite juu yake kwenda kishimo kinachofuata. Vinginevyo yanapasua tuta, na likipasuka moja yote ya chini yanafuata. Mwaka wa mvua nyingi vunjeni vizuizi mapema, mahindi yasisimame kwenye maji.

Kutoka Muheza

Mwaka wa mvua kubwa hasara iko kwingine. Urea ya mkupuo mmoja kwenye kichanga inazama chini ya mizizi. Kama ni mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari, gawa: nusu mahindi yakifika magotini, nusu kabla ya mbelewele, na fukia.

Halafu kuvuna. Mahindi yakikomaa huku kunanyesha, ukungu unaingia na sumukuvu inafuata. Pima kwa chumvi: chupa ya kioo kavu, chumvi iliyoanikwa ikakauka kabisa, punje hadi theluthi. Tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Isipoganda, anika siku moja zaidi ndipo ufunge, maana lengo ni 13.5. Chumvi mbichi inadanganya, msiruke hatua hiyo.

Kutoka Songea

Wa kusini msinakili haya yote. El Niño inayowapa vuli ndugu zetu wa kaskazini ndiyo iliyokausha Zambia na Malawi msimu wa 2023/24, nasi tuko katikati, dalili zinachanganyika. Hata masika ya Machi hadi Mei haifuati bahari hizi kama vuli.

Mwenye uzi

Asante mkuu. Nyongeza kuhusu utabiri: wakisema "asilimia 45 chini ya wastani", maana yake kwenye miaka 10 ya namna hiyo, 4 au 5 ndiyo mikavu. Gawa shamba kwa hesabu hiyo: la bondeni mahindi, la mwinuko mtama na choroko. Wa Ukerewe na Bunda, mnafanyaje mihogo ikikutana na maji mengi?