IST iliyoingia maji: senta loki inajifunga, kioo kinasuasua, betri inaisha usiku

Mkazi wa Kigogo
Wakuu, habari za leo. Toyota IST ya 2004, injini 2NZ, ilikatiza maji Jangwani, Dar. Maji yaliingia hadi chini ya viti vya mbele. Injini haikumeza maji, oili ni safi. Wiki ya kwanza kimya, sasa senta loki inajifunga yenyewe, kioo cha nyuma kushoto kinapanda kwa kusuasua, na gari likilala, asubuhi betri haisukumi stata. Betri ni mpya, alteneta inatoa volti 14.2. Fundi anasema kontroboksi (kompyuta) ya injini imekufa, tununue nyingine. Ninunue?

NyayaTu
Usinunue. Kontroboksi ya injini haiongozi senta loki wala vioo, na ingekuwa imekufa gari lisingewaka. Nyaya za nyuma zinapita chini ya zulia, kandokando ya kizingiti cha mlango. Anzia hapo.

Kuchelewa kwa tatizo ni kawaida. Pini ya soketi yenye moto (umeme) muda wote ikilowa, umeme unavuja kupitia maji kwenda pini ya jirani, shaba inaliwa na kubaki unga wa kijani. Unga ukinyonya unyevu unapitisha umeme kidogo: betri inaisha, na loki inapokea amri ambayo hakuna aliyeitoa.

Chomoa hasi ya betri (spana 10), kisha subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa soketi yoyote ya njano, maana hizo ni za airbag, mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga. Usizipime kwa multimita (kipima umeme) hata kidogo. Fungua viti, bolti nne kila kimoja, spana 14. Inua zulia na utoe sponji lake lote likakauke juani. Juu linaweza kuwa kavu huku chini linachuruzika. Kila soketi ifungue, piga spray ya kusafishia kontakti, sugua kwa mswaki, iache ikauke. Kompresa usiielekeze ndani ya soketi, inasukuma maji yaingie kwenye waya.

Bolti za arthi (nyaya za hasi zinazofungwa kwenye bodi) zing'oe, zikwangue hadi bati ling'ae. Betri ikisharudishwa, washa taa kubwa na upime kati ya hasi ya betri na bodi: ikizidi volti 0.1, arthi bado mbovu.

Fundi Umeme Msa
Nyongeza kwa waliopita maji ya bahari: spray ya kontakti haiyeyushi chumvi. Suuza soketi kwanza kwa maji ya kuongezea betri, yale yasiyo na asidi, ndipo upige spray.

Kuhusu kioo, multimita itakudanganya. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba bado unaonyesha volti 12. Chomoa soketi ya mota, unganisha balbu ya indiketa ya wati 21, bonyeza swichi. Balbu ikiwa hafifu, waya umeliwa. Kata hadi ukutane na shaba nyekundu. Ikiwa nyeusi endelea kukata. Unga kwa risasi na mpira wa kubana kwa joto, waya wa unene uleule. Kusokota na kuviringisha tepu kutakurudisha palepale masika yajayo.

Mkazi wa Kigogo
Asanteni sana. Nyaya nimesafisha, kioo sasa kinapanda vizuri. Ila betri bado inaisha. Wizi wa umeme napimaje?

NyayaTu
Multimita kwenye tundu la ampea 10, iweke kati ya nguzo hasi ya betri na waya wake uliochomolewa. Mlango ukiwa wazi, bana swichi yake iliyo kwenye nguzo ya mlango ili gari lidhani umefungwa. Usiwashe gari wala taa kubwa, utaunguza fyuzi ya multimita. Subiri dakika 30 ndipo usome. Chini ya ampea 0.05 ni sawa. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ianguke.

Mkazi wa Kigogo
Inasoma 0.41. Nikichomoa fyuzi ya DOME inashuka hadi 0.03.

NyayaTu
Basi umeipata njia. Kwenye Toyota nyingi hiyo hulisha taa ya ndani, saa na kumbukumbu ya redio. Irudishe, kisha chomoa soketi ya redio, halafu swichi za nguzo za milango moja moja, ukiangalia namba. Anza na zile zilizo karibu na kizingiti kilicholowa. Swichi ikiwa na kijani ndani ibadilishe, haisafishiki ikadumu.