Kibali cha kuezeka paa miezi 14, sasa ukuta umeanguka. Mji wa Kale unahifadhiwa kwa ajili ya nani?

Asalaam aleikum wana Mombasa. Nina hasira na sitaificha.

Jumatatu usiku ukuta wa nyuma wa nyumba ya bibi yangu, Kibokoni, hapa Mji wa Kale, uliporomoka. Alhamdulillahi ami yangu alikuwa amelala chumba cha mbele. Asubuhi, hata saa mbili haijafika, maafisa wamekuja, wamezungusha utepe na kuandika kwamba nyumba ni hatari, ibomolewe. Ofisi ile ile tuliyoiomba kibali cha kuezeka upya miezi 14 iliyopita! Kumbe njia ya kufika kwetu wanaijua.

Kila tukienda ni hadithi mpya. Faili haionekani. Mwenye kusaini yuko mkutanoni. Mara ya mwisho: leteni michoro ya nyumba iliyochorwa na mtaalamu. Ami ni mzee anayeishi kwa kodi ya kijiduka kimoja cha chini, atamlipa mtaalamu kwa pesa gani?

Na hapo kwenye michoro ndipo moyo unaponiuma zaidi. Nilipokuwa darasa la saba, wanafunzi wa usanifu majengo kutoka ng'ambo walishinda kwetu siku tisa. Walipima kila chumba, daka, ngazi, mpaka unene wa kuta. Wakanakili nakshi za mlango, ua kwa ua, na mfaa wake, ule mti wa katikati. Wakapiga picha hati ya nyumba iliyoandikwa kwa Kiarabu. Bibi akawapikia mahamri na mbaazi kila asubuhi, akakaa nao akiwasimulia nani alizaliwa chumba gani, bi harusi alifichwa wapi, baraza lilikuwa la nani. Wakamrekodi. Wakaahidi kuleta nakala. Bibi amekufa akiuliza, "Wale watoto hawajarudi?" Hati imeliwa na mchwa. Michoro ya nyumba yetu ipo, katika kabati la chuo fulani, na sisi tunaambiwa hatuwezi kuziba paa kwa sababu hatuna michoro.

Kwa wasiojua: nyumba ya mawe ya matumbawe kama yetu haiuliwi na umri, inauliwa na maji. Paa likivuja, boriti huoza pale zinapoingia ukutani, chokaa hulegea, ukuta hufunguka. Fundi wa kwanza alitaka kupiga simiti tumalize. Ami akakataa, kwa sababu simiti huuziba ukuta usipumue, unyevu na chumvi ya bahari vikabaki ndani vikilila jiwe. Alitaka chokaa na boriti za mikoko, na alitaka kibali. Ametii kila kitu. Wakati huo huo, hatua chache kutoka kwetu, gorofa la vioo na alumini limeota na sijaona utepe hata siku moja.

Mji wa Kale ni eneo la hifadhi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kuna Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006. Fort Jesus iliingia orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2011, tukashangilia sote, mimi nikiwemo. Lakini ngome haina anayelala ndani. Hizi nyumba zina watu, na watu wanapoondoka Kibokoni, Kuze na Ndia Kuu, watalii watapelekwa kutazama nini? Kuta? Sheria inayomfunga mikono mwenye nyumba asishike paa lake, isimpe jibu wala senti ya chokaa, hiyo inabomoa polepole. Na ikishabomoa, ploti ina mnunuzi tayari. Madalali wawili wameshapiga simu, mmoja hata nyumba hakuitaja, ameulizia mlango tu.

Ninachotaka ni hivi. Kama umeomba kibali na hujajibiwa, andika hapa umeomba lini, tupeleke malalamiko kwa pamoja. Na wewe uliyewahi kupima nyumba za watu Mji wa Kale, popote ulipo, rudisha nakala kwa wenyewe. Kama una sauti ya bikizee wa Kibokoni akieleza habari za chumba cha ndani, tafadhali, huyo ni bibi yangu, nitafute.

Mlango tumeung'oa jana na vijana wa mtaa. Uko kwa shangazi, umefunikwa mkeka. Hauuzwi.