Tupeane uzoefu: safari za umisioni kwa watu wenye imani tusiyoizoea

Mleta mada, Moshi

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Kikundi cha vijana cha usharika wetu kinajiandaa kwenda upande wa Ketumbeine baada ya masika, na maandalizi yote hadi sasa yamekuwa ya mahema, mafuta ya gari, vipaza sauti na sare. Sijasikia kikao hata kimoja kilichouliza watu tunaowaendea wanaamini nini. Kwa hiyo nawaomba waliowahi kutumika kwa Wamaasai, Wasonjo, Wahadzabe na wengineo watusimulie walichokikuta huko: watu walisema nini juu ya Mungu, juu ya kifo, juu ya mvua na magonjwa, nanyi mliwajibu nini. Hesabu ya waliobatizwa tuiache, kwa kuwa hiyo imo kwenye taarifa za dayosisi.

Naanza kwa kukumbusha jambo ambalo sisi wa mlimani tunalisahau upesi. Wamisioni wa Leipzig, Ujerumani, walipofungua kituo Machame mwaka 1893, wenye imani ngeni tulikuwa sisi. Babu zetu Wachaga walimwomba Ruwa, yaani Mungu, waliwatambikia wazee waliotangulia kwa pombe ya mbege na nyama, na mtu aliyemkosea mwenziwe alimpelekea jani la sale ili kuomba msamaha, ambao ilikuwa vigumu sana kuukataa mbele ya jani hilo. Bruno Gutmann, aliyekuja Kilimanjaro mwaka 1902 na kutumika Old Moshi hadi mwaka 1938, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuandika mila na sheria za Wachaga kwa kuwasikiliza wazee. Sale lenyewe halijastaafu; nimeliona likitumika kuwapatanisha wazee wa kanisa waliogombania mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Karibuni.

Mwalimu wa kwaya, Majengo, Moshi

Nashukuru kwa mada hii. Nilikwenda na kwaya yetu wilayani Longido, tukafikia kwenye boma moja lililo mbali na barabara ya Namanga, na usiku, baada ya ng'ombe kuingia zizini, mwinjilisti wetu akahubiri ufufuo. Alihubiri vizuri. Alichukua sura ya 15 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, akaeleza kaburi lililokutwa tupu na wanawake waliokwenda alfajiri na manukato, na kijana aliyekuwa akitutafsiria alijitahidi sana. Hata hivyo, nyuso za wasikilizaji zilionyesha kwamba jambo halijaingia.

Alipomaliza, bibi mmoja, ambaye pale bomani wote walimwita koko, aliomba kusema. Alisimulia habari za Leeyo, mtu wa zamani ambaye Mungu alimwagiza kwamba mtoto akifa, wakati wa kumtoa nje aseme hivi: mtu afe na arudi, mwezi ufe na upotee. Mtoto wa kwanza kufa hakuwa wa Leeyo, naye akaona hana haja ya kumrudisha mtoto wa mwingine, akayageuza maneno: mtu afe na apotee, mwezi ufe na urudi. Baadaye alipofiwa na mwanawe mwenyewe alisema maneno sahihi, lakini Mungu akamjibu kwamba amechelewa, kwa kuwa neno la kwanza limeshakwenda. Ndiyo maana mwezi hufa na kurudi, na binadamu akienda harudi. Mwezi wenyewe ulikuwa juu yetu wakati huo, na koko aliuonyesha kwa fimbo yake kama mwalimu anayeonyesha ubaoni.

Kisha akatuuliza swali. Amefika Moshi, ana binti aliyeolewa huko, na ameona jinsi Wachaga wanavyoyafunika makaburi yao kwa saruji na vigae. Kama kweli tunatarajia watu wetu watoke, kwa nini tunawafungia hivyo? Mkalimani alicheka kwanza ndipo akatafsiri, nasi tulicheka pia, ila mwinjilisti hakuwa na jibu usiku ule.

Nilichokuja kukielewa baadaye, kwa kuwauliza wazee wa Kimaasai walio wakristo, ni kwamba zamani watu wa kawaida hawakuzikwa. Maiti ilitolewa na kuachwa porini, na waliozikwa walikuwa malaiboni, yaani waganga na viongozi wa kiroho, na wazee wenye heshima kubwa. Sasa mtu wa jamii hiyo ukimwambia kwamba kaburi lilikutwa tupu, unamwambia jambo ambalo halina uzito wowote kwake, kwani hata huko porini kesho yake hukuti kitu. Asubuhi mwinjilisti alianza upya, safari hii akimwanzia Leeyo: neno lililoharibiwa kwa choyo ya mtu mmoja, na Mungu asiyekubali liishie hapo. Wazee walibishana naye hadi jua likawa kali, jambo ambalo usiku hawakulifanya, na mimi naupenda ubishi ule kuliko makofi tuliyopigiwa baada ya nyimbo.

Muuguzi mstaafu, Monduli

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu nawasalimu. Wageni wengi wanaokuja kanisani kwetu huuliza wanaume wako wapi, nasi huwajibu kwa adabu kwamba wako na ng'ombe. Jibu kamili ni refu zaidi.

Kuanzia miaka ya 1950 kulizuka katika Umaasai wa Tanzania hali iitwayo orpeko. Mwanamke alitetemeka, alianguka, alipiga kelele, alikosa nguvu, aliota ndoto za kutisha, na watu wakasema ameingiwa na roho. Dawa za laiboni zilionekana hazisaidii, ila iligundulika kwamba mwanamke akiingia darasa la ubatizo, akaimba na wenzake na hatimaye kubatizwa, hali hiyo huondoka. Wanaume waliokuwa wamewakataza wake zao wasikanyage kanisani walilazimika kuwaruhusu, na baadhi yao waliwapeleka wenyewe. Sharika nyingi za Umaasai zimejaa akina mama kwa sababu hiyo, pamoja na nyingine.

Kwa macho ya kiuguzi, ninaamini baadhi ya wale akina mama walikuwa na upungufu wa damu, na wengine walikuwa wamechoshwa na kazi na kipigo. Siwezi kusema wote, na sipendi kusikia daktari wala mhubiri akisema wote. Vijana wa Moshi wajue tu kwamba wakifika na kuanza kukemea mapepo kwa vipaza sauti, wanaingia katika historia ambayo wenyeji wanaijua kuliko wao. Na wasidhani kwamba mama wa Kimaasai amefundishwa kuomba na kanisa. Amkeni alfajiri mkamwangalie akikamua: kabla maziwa hayajaingia kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha mti, huyarusha matone machache juu, akimtaja Engai, yaani Mungu, na kuwaombea watoto na mifugo. Hakuna anayemwamrisha wala anayemtazama.

Katekista, Karatu

Nitasema machache kuhusu Wahadzabe wa bonde la Eyasi, kwa sababu wenzangu wengi hufika Mang'ola wakitafuta kuhani, hekalu au sanamu ya kuipinga, nao hawakuti kimojawapo. Jua na mwezi vina majina na visa vyake, na jambo zito kuliko yote ni epeme: ngoma ya usiku usio na mwezi, gizani kabisa, ambapo wanaume hucheza kwa zamu wakiwa na manyoya ya mbuni kichwani na njuga miguuni huku wanawake wakiimba, na pia nyama maalumu za mnyama mkubwa ambazo huliwa na wanaume waliokwisha kuingizwa katika epeme tu, bila mwanamke wala mtoto kuona. Watu hawa ni wachache, hawazidi sana elfu moja na mia chache, na wamechoka na wageni wa kila aina, watalii na wahubiri pia. Kundi moja niliwahi kulisindikiza liligawa nguo, likapiga picha, likaondoka kabla ya jioni. Wazee waliniuliza kama wale walikuwa watalii.

Mwinjilisti, amewahi kutumika Digodigo

Mchango wa mwalimu wa kwaya unaonyesha ugumu unaotokana na tofauti. Kwa Wasonjo mimi nilipata ugumu unaotokana na kufanana, nao ulinisumbua zaidi. Wasonjo, wanaojiita Batemi, wana Khambageu. Wazee husimulia kwamba hakuzaliwa na mwanamke bali alitoka kwenye mguu wa baba yake uliokuwa umevimba, akatenda maajabu, akahama kijiji baada ya kijiji kwa kukosana na watu, akafa na kuzikwa, na baadaye akaonekana amefufuka na kwenda juani. Ana nyumba zake za ibada vijijini, na mambo ya mifereji ya umwagiliaji, ambayo ndiyo uhai wa vijiji vile, hayaachani na ibada hizo.

Ukihubiri Pasaka mbele ya wazee hao, wanaitikia kwa vichwa tangu mwanzo hadi mwisho. Mhubiri mgeni hurudi Arusha akitangaza kwamba kijiji kizima kimempokea Yesu, kumbe wazee wamemwona tu kuwa ni mtu mwenye adabu anayejua habari wanazozijua. Baadhi ya wenzetu wanafurahia mfanano huo na kusema Mungu aliandaa njia. Mimi nawasihi wawe na subira. Mtu anayekubali upesi kwa sababu anadhani unamsimulia habari zake hajakataa wala hajakubali. Inabidi ukae naye hadi afike mahali aseme, hapa tunaachana.

Watu wa Samunge, ambao ni Wasonjo hao hao, waliona mwaka 2011 maelfu ya wageni wakipanga foleni ya magari kwenda kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Walijionea wakristo wa mjini wakitafuta dawa ya mti iliyofunuliwa kwa ndoto. Baada ya hapo, ni vigumu kwenda kuwaambia kwamba sisi hatuna mambo ya namna hiyo.

Mzee wa kanisa, Nkoaranga, Meru

Mleta mada, mambo ya sare na magari usiyapite haraka. Mwezi Oktoba mwaka 1896 wamisioni wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa usiku pale Akeri pamoja na Wachaga kadhaa waliofuatana nao. Walikuwa ndio kwanza wamefika. Askari wa Kijerumani chini ya Kapteni Johannes walikuwa katika eneo hilo wakati uleule, na wapiganaji wa Meru na Arusha waliwahesabu wageni wote kuwa kitu kimoja. Kisasi kilichofuata kiliteketeza migomba, kikachukua ng'ombe na kuua watu wengi, na tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, alinyongwa hapo Old Moshi pamoja na wenzake 18, wakiwemo viongozi wa Meru na Arusha. Injili ilirudi kwetu Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, nasi tuliipokea, lakini iliwakuta watu wenye makovu.

Msiseme hayo ni ya kale. Kundi letu lilipokwenda upande wa Ngorongoro baada ya watu kuanza kuhamishiwa Msomera, mkoani Tanga, mwaka 2022, tulifika na magari mawili yanayofanana, na kijana wetu mmoja ameshika daftari la kuandika majina ya watakaokuja semina. Wanawake waliingia ndani na watoto wakakimbizwa. Tulikaa chini ya mti hadi alasiri, ndipo laigwanani, kiongozi wa kimila, akaja kutuuliza tunaandikisha nani na kwa kazi gani. Tangieni mtu mmoja, mwenyeji anayefahamika, afike wiki kadhaa mapema kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa wazee, na daftari libaki Moshi.

Mleta mada, Moshi

Nimejifunza mengi, wazee wangu. Nina swali linalowagawa vijana wetu. Tumeambiwa kwamba tukifika huenda tukakuta wazee wanamwombea mvua Engai chini ya mti wa oreteti, na kwamba kondoo atachinjwa. Tukikaribishwa nyama hiyo tule au tusile? Na mzee akitutemea mate ya baraka mkononi?

Mchungaji mstaafu, Marangu

Msile. Mtume Paulo anaruhusu kula unachoandaliwa bila kuulizauliza, lakini anasema ukishaambiwa kwamba kitu hicho kimetolewa sadaka, acha. Nanyi mmeshaambiwa. Kataeni kwa upole.

Mchungaji, mzaliwa wa Gelai, yuko Arusha

Baba Mchungaji, shikamoo, na kwa heshima yote naomba nitofautiane nawe nusu. Mate ni baraka ya mzee kwa mtoto wake, sawa na sisi tunavyowekeana mikono. Pokea, wala usijifute mbele yake, maana kujifuta ni kumwambia kwamba hutaki uzima anaokuombea. Majani yanayoshikwa kuomba amani nayo hayana ubaya, na kanisa letu huku tunayatumia katika maombi ya upatanisho bila mtu kutikisika.

Kondoo wa mvua ni jambo lingine, na hapo nakubaliana na Baba. Hata hivyo, njia ya kukataa siyo kukataa mbele ya sahani. Ibada ile ina watu wake, na mgeni hatarajiwi kuwepo kabisa. Vijana wakishajua kwamba wazee wana shughuli oretetini, wabaki bomani na akina mama, wachote maji, wachunge ndama. Wazee wakirudi, watauliza wageni walikuwa wapi, na wakijibiwa kwamba waliogopa kuingilia maombi ya wakubwa, hakuna atakayewalazimisha nyama. Jioni hiyo wakiomba nafasi ya kuomba mvua na wao, kwa jina wanalolijua, watapewa, nimeona wakipewa. Sala iwe fupi, na kila sentensi wazee wataiitikia kwa pamoja, kwa hiyo anayeomba aache nafasi ya kuitikiwa.