Maji ya Mbeya yamechemka nyuzi 94, mtoto kapewa sifuri!

Wakuu, nimetoka shuleni kwa kijana wangu sasa hivi na bado nimefura.

Yuko kidato cha pili, hapa hapa Mbeya mjini. Wiki iliyopita walifanya prakto ya kuchemsha maji, wanapokezana themometa moja. Kundi lake likasoma 94. Wakasubiri, maji yanatokota kabisa, 94 ile ile. Wengine 94, wengine 93. Mwalimu akasema themometa mbovu, wote waandike 100. Darasa zima likapika data. Wangu akaandika alichokiona. Sifuri, kwa kalamu nyekundu.

Jamani, Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari! Mgandamizo wa hewa huku ni mdogo kuliko Dar, ndiyo maana maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Ile 100 ya kitabuni ni ya usawa wa bahari. Mama yeyote aliyehamia Mwanjelwa kutoka pwani atakwambia maharage ya huku yanavyochelewa kuiva na kumaliza mkaa, maana maji yanayochemka hayana joto la kule.

Nikamwambia mwalimu sawa, labda themometa ni mbovu kweli. Mliitumbukiza kwenye barafu inayoyeyuka mkaona kama inasoma 0? Hapana. Mlilinganisha na nyingine? Hakuna nyingine (hilo simlaumu, hali za shule zetu nazijua). Sasa ubovu wake mmeujuaje?

"Mzee, mtihani unataka 100."

Na haya yanatokea nyanda hizi hizi alikosoma Erasto Mpemba! Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kule Tanga, aliona maziwa ya moto yamewahi kuganda kuliko ya baridi. Mwalimu akambeza. Baadaye, akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza jambo hilo mwanafizikia Denis Osborne aliyetoka chuo kikuu Dar, wenzake wakacheka. Osborne alirudi chuoni, jambo likajaribiwa maabara, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha pamoja. Hadi leo wataalamu wanabishana, kuna waliopima upya wasilione kabisa. Lakini wamepima!

Kijana kaniambia prakto ijayo ataangalia jibu kitabuni kwanza, ndiyo apime. Hapo nikaishiwa nguvu.

Mwenye themometa nzima, Uyole au Soweto hapa Mbeya, aniazime mpaka Jumatatu. Barafu nitanunua mwenyewe.