Mrejesho: Nimeshachukua pikipiki yangu ya kwanza, kruza

Wakuu, salaam. Mwezi uliopita niliwauliza: sijawahi kuendesha pikipiki, je, nianze na kruza (pikipiki ya kiti cha chini) ya cc 500 au nirukie ile ya cc 883 niliyoitamani miaka yote? Wengi mlinisihi nianze na ndogo. Nimewasikiliza, nimechukua Honda Rebel 500.

Kilichomaliza ubishi ni kuzikalia zote mbili. Ile kubwa ina zaidi ya kilo 250. Nilipoisimamisha kutoka kwenye stendi ya pembeni, paja lilinitetemeka. Rebel ina kilo kama 190, na kiti kiko milimita 690 tu kutoka chini, kwa hiyo nyayo zote mbili zinakanyaga vizuri na magoti yanabaki yamekunjika. Injini ni cc 471, silinda mbili. Nguvu inakuja taratibu, haikurushi.

Hata hivyo, wiki ya kwanza niliiangusha. Nilikuwa nageuza polepole, usukani umepinda hadi mwisho, nikashtuka na kukamata breki ya mbele. Ikalala palepale. Kioo cha kushoto kilipasuka, mimi nilikuwa mzima, glavu na buti zilinisaidia sana.

Mkuu mmoja alikuwa ameniambia kona za polepole ni klachi nusu (unaiachia kidogo tu, si yote), breki ya nyuma kidogo, na macho kule unakoelekea. Sasa kila jioni nazunguka uwanja mtupu nikifanya hivyohivyo, na jana nimegeuza pande zote mbili bila kushusha mguu. Asanteni sana, nimefurahi mno.