Tupeane uzoefu: vipande vya shaba kwenye modeli, wewe kilikusumbua kipi?

Wakuu, habari za jioni.

Naunda modeli ya MV Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, kwa kipimo cha 1/350, sentimita 20 hivi kutoka omo hadi tezi. Meli yenyewe iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa, masanduku yakapitia bandari yetu hapa Dar, ikaungwa upya Kigoma. Kwa hiyo kuunga vipande naona ni kuiheshimu.

Nilipofika kwenye vizuizi vya sitaha, vile vya bati jembamba la shaba lililochongwa kwa asidi, nilikwama wiki mbili. Cha kwanza nilikikatia juu ya mpira wa kukatia. Ukabonyea, kipande kikapinda kabla wembe haujapita. Sasa nakatia juu ya kigae. Pa kuzungukia tezi ndipo palinitoa jasho. Shaba ilikuwa inarudi kama springi, nikiilazimisha inavunjika kona. Nikaishika kwa kibanio cha fundi saa, nikaipitisha kwenye moto wa jiko la gesi hadi ikabadilika rangi, nikaiacha ipoe. Ikalainika, nikaizungushia kwenye peni taratibu, ikatulia. Nilifurahi mno.

Wenzangu, yenu yalikuwaje?

—

Mkuu hongera. Mimi ni kifaru cha vita cha 1/35, kwenye boksi lake la zana. Ule mstari uliochimbwa nusu ni wa kukunjia, na unatakiwa ubaki ndani ya kona. Nilikunja kinyume, nikataka kurudisha, likakatika mkononi. Niliishia kukata jingine kwenye kopo la soda.

—

Kwangu ni gundi. Ya plastiki haishiki shaba kabisa, lazima supaglu, na supaglu inakaushwa na unyevu. Masika hapa Mbagala chupa ikifunguliwa haimalizi mwezi. Naiweka kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu. Kupaka, natumia ncha ya sindano: tone dogo kuliko punje ya ulezi.

—

Zimeni pangaboi jamani! Usukani wa ndege ya 1/72 uliruka, nikapitisha sumaku sakafuni nusu saa nzima, kumbe shaba haivutwi na sumaku. Siku hizi nakatia ndani ya mfuko mweupe wa nailoni, joto nalivumilia.

—

Mkuu wa boksi la zana, kopo la soda ulilikunjaje bila kupasuka? Nina milango miwili ya sitaha imebaki.