Mrejesho: turbo imetoka

Wakuu, niliuliza hapa jinsi ya kutoa turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini) ya gari langu, Toyota Surf ya dizeli, nikiwa nyumbani, Jinja, maana ilikuwa inatoa moshi wa bluu na kula oili. Asanteni sana, imetoka.

Nati za upande wa ekzosi ndizo zilizonitoa jasho. Aliyeshauri nizimwagie mafuta ya kulegeza kutu zilale nayo usiku kucha, Mungu ambariki: asubuhi zilifunguka zote, hakuna stadi (bolti isiyo na kichwa inayoshika nati) iliyokatika. Maji ya rejeta nilishayamwaga, nikafungua paipu zilizobaki na kuziba kila tundu kwa kitambaa safi.

Mhimili wa turbo nilipoushika kwa vidole ulicheza juu chini hadi panga zake zikakwaruza ukuta wa ndani. Lakini chanzo hasa ni ile paipu nyembamba inayopeleka oili: ndani imeganda masizi, hata waya haupiti. Jamani, ukifunga turbo nyingine ukaiacha paipu hiyo, nayo itakufa tu.

Kesho naenda Kiseka, soko la vipuri Kampala, kutafuta turbo, paipu, gasketi na washa (ringi bapa) mpya za shaba. Kabla ya kuwasha nitaitilia turbo oili kwanza, isianze kuzunguka ikiwa kavu.